Je, Waifai ya Kikundi Imefungwa?

Hebu tuanze na mfano.

Kikundi cha akina mama wafugaji wa kuku kimeweka waifai nyumbani kwa katibu. Wamenunua kile kisanduku kinachoitwa rauta, wamelipia bando la mwezi mzima, na katibu ameanza kuandika hesabu kwa kompyuta. Siku ya kumi na mbili bando limekwisha! Mweka hazina anauliza, "Kwani katibu hulala saa ngapi?" Katibu anaapa kwamba ametuma barua mbili tu. Mkutano unajaa kelele. Hakuna anayewafikiria wale vijana wanaokaa kila jioni nje ya ua, simu mkononi.

Katibu si mwizi. Kosa lake ni moja tu: hakufunga mlango. Na hakujua kwamba milango ni miwili.

MAWIMBI HAYAJUI MPAKA

Rauta ni kama kituo kidogo cha redio. Inatuma mawimbi na kuyapokea. Mawimbi hayo hayajui mpaka wa shamba lako. Yanapita kwenye dirisha, mlango wa mbao na ua wa michongoma, na yanaweza kufika makumi ya mita nje ya nyumba. Kwa hivyo huwezi kuyafungia ndani. Unachoweza kufanya ni kuamua nani apewe ufunguo.

Mlango wa kwanza ni wa kuingia kwenye mtandao. Hapa ndipo simu inaomba paswadi, yaani neno la siri. Mlango huu wengi wanaujua.

Mlango wa pili ni wa kuingia ndani ya rauta yenyewe, mahali pa kubadilisha mipango yake yote. Huu wengi hawajauona hata siku moja. Rauta nyingi, hasa za zamani, zimetoka kiwandani na jina "admin" na paswadi "admin", na watu wa dunia nzima wanajua hivyo. Mtu akishapewa ruhusa ya mlango wa kwanza, wa pili anausukuma tu.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikitafuta kamera na rauta ambazo wenyewe hawakubadilisha paswadi za kiwandani. Ilikuwa na orodha fupi tu ya maneno, sitini na kidogo, ikayajaribu moja moja. Ilinasa vifaa maelfu kwa maelfu, na Oktoba mwaka huo vikatumiwa kushambulia kampuni moja huko Marekani. Twitter na Netflix zikakwama kwa watu wengi kwa saa kadhaa. Wenye vifaa walikuwa nyumbani kwao, hawana habari.

HASARA NI GANI?

Ya kwanza ni bando kuisha, au mtandao kwenda polepole kama kobe. Ya pili, aliyeingia ndani ya rauta anaweza kuipotosha, ili ukitafuta ukurasa fulani upelekwe kwenye ukurasa bandia. Ya tatu ni jina lako. Mtu akifanya uovu kupitia mtandao wako, nyayo zinaelekea kwanza kwenye laini yako. Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao tangu mwaka 2018, na si vizuri kuanza kujieleza kwa jambo ambalo hukulifanya.

HATUA KWA HATUA

Kazi hii haihitaji fundi. Tenga nusu saa, uwe na simu, kalamu na daftari.

1. Geuza rauta uangalie kibandiko chake. Utaona jina la mtandao, paswadi, na anwani ya namba kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika yote kwenye daftari.

2. Unganisha simu na waifai hiyo, kisha uzime data ya simu. Fungua Chrome au programu nyingine unayotumia kusoma kurasa za intaneti. Pale juu andika ile anwani ya namba. Ukurasa wa rauta utafunguka na kuomba jina na paswadi ya mlango wa pili. Kama hazipo kwenye kibandiko wala kwenye kijitabu chake, piga simu kwa kampuni iliyokuuzia.

3. Badilisha kwanza paswadi hiyo ya mlango wa pili. Watu wengi huiruka hatua hii. Usiiruke.

4. Tafuta sehemu ya "Wireless" au "Wi-Fi". Angalia aina ya ulinzi. Chagua WPA3, na kama simu zenu ni za zamani chagua WPA2. Ukikuta WEP, ondoa haraka. Udhaifu wake umejulikana tangu mwaka 2001. Ukikuta neno "Open", ujue mlango uko wazi kabisa.

5. Weka paswadi mpya ya waifai. Jina la mtoto, namba ya simu au mwaka wa kuzaliwa havifai, maana jirani anavijua. Chukua maneno manne yasiyohusiana, kwa mfano jembe, mvua, kikapu, tisa, uyaunganishe. Ni marefu lakini hayasahauliki. (Usitumie haya yetu, tumekwisha yachapisha!) Paswadi hii isifanane na ile ya hatua ya tatu.

6. Zima kitu kinachoitwa WPS. Kinarahisisha kuunganisha vifaa, lakini namba yake ya siri ina tarakimu 8 tu, na mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba inakaguliwa vipande viwili. Badala ya kubahatisha mara milioni mia moja, mwizi anahitaji kama mara 11,000 tu. Kompyuta inaweza kuzimaliza kwa saa chache.

7. Kama kuna sehemu ya "Guest", iwashe kwa ajili ya wageni na uiwekee paswadi yake. Mgeni atapata intaneti bila kufikia kompyuta ya kikundi.

8. Angalia kama kuna "Update", na kama ipo ikubali. Watengenezaji huziba hivyo nyufa zinazogunduliwa baadaye.

Ukimaliza, simu zote zitakatika. Usiogope. Kila moja itaomba paswadi mpya, na hapo utajua nani alikuwa akiingia bila kualikwa.

Wengine husema ficha jina la mtandao na utakuwa salama. Hapana. Mwenye programu ya kutafuta ataliona tu. Na rauta ikae mahali wageni hawafiki. Ina kitundu kidogo: ukibonyeza hapo kwa sindano sekunde kama kumi, inarudi ilivyotoka kiwandani, na kazi yako yote imepotea. Lakini hicho kitundu ndicho mkombozi wako ukisahau paswadi.

PASWADI NI MALI YA KIKUNDI

Tunajua kubadilisha watia sahihi wa benki afisa akiondoka. Na paswadi vile vile. Katibu mpya akichaguliwa, badilisheni zote mbili. Ziandikwe kwenye daftari linalokaa na kitabu cha fedha, si kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Kumbukeni pia kwamba simu nyingi za siku hizi zinaweza kuonyesha paswadi kwa picha ya mraba yenye madoadoa. Kijana mmoja akipewa, jioni wanayo kumi.

Neno la mwisho. Kufunga waifai hakumzuii tapeli anayekupigia simu akitaka namba yako ya siri ya M-Pesa. Huyo hapiti kwenye rauta, anapita kwenye sikio. Usimpe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule katibu wetu angetumia nusu saa tu, na mkutano ule ungezungumzia kuku.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nani anajua paswadi ya waifai yetu leo? Je, wote wanastahili?
2. Kuna mtu amewahi kufungua mlango wa pili wa rauta yetu?
3. Jirani akiomba kutumia waifai, tutamjibuje bila kuvunja ujirani?
4. Ni nani atakayefanya hatua hizi nane, na ataleta taarifa mkutano gani?