Kunona na Kukonda kwa Ng'ombe

Katika Kiswahili fasaha mtu hunenepa, mnyama hunona. Na kinono ni mnyama aliyelishwa hata akajaa mafuta. Bali maneno haya hayana kipimo. Ng'ombe asifiwaye kuwa mnono katika nchi kame, kwingine huhesabiwa amekonda. Na mwenyewe, kwa kuwa humwona kila siku, hatambui jinsi apunguavyo.

Mwaka 1986 Nicholson na Butterworth walitoa mwongozo, katika kituo cha utafiti wa mifugo kilichokuwa Addis Ababa, wa kupima ng'ombe wenye nundu kwa madaraja 9: matatu ya kukonda, matatu ya wastani, matatu ya kunona. Mizani haihitajiwi, nayo hudanganya, maana maji yaliyojaa tumboni na ndama asiyezaliwa vyote huhesabiwa katika uzito. Hutazamwa uti wa mgongo, mbavu, nyonga, shina la mkia na nundu, kisha mkono huwekwa mgongoni. Daraja la 1 ni gofu la ng'ombe, mifupa na ngozi. Katika la 3, ncha za uti wa mgongo huchoma kidole, na mbavu na nyonga zimetokeza. Katika la 7 mwili umefunikwa vizuri. Ncha zile hazipatikani ila kwa kubonyeza sana, nazo ni butu.

Ng'ombe azaaye hali amekonda hutoa maziwa kwa kula akiba ya mwili wake, naye hukawia kutaka dume tena. Mwenye zizi huhesabu, akaona wote wapo, wala hajui kwamba ndama wa mwaka ujao amekwisha kumpotea. Basi yafaa kumshika mgongo miezi miwili mitatu kabla ya kuzaa, malisho yangalipo. Katika kiangazi kikali ni vigumu kumrudishia mwili. Aliyenona kupita kiasi naye huzaa kwa taabu.

Tena kundi zima likikonda, kwanza yatazamwe malisho. Akikonda mmoja kati ya wanono, atafutiwe ugonjwa: minyoo, au nagana iletwayo na mbung'o, au pengine ni meno yaliyokwisha kwa uzee.

Nionavyo mimi, ni heri wapime watu wawili, kila mtu peke yake, ndipo walinganishe hesabu zao. Wakitofautiana daraja moja, si neno. Yakiwa matatu, warudi zizini wakapapase tena.