Filme ya 4K na kompyuta inayoganda: kwa nini prosesa peke yake haitoshi

Siku hizi karibu kila kitu kinapigwa katika 4K. Harusi, matanga, wimbo wa kwaya, filme fupi ya vijana wa mutaa, yote hiyo. Hata simu ya mukononi inaweza. Kupiga picha si kazi ngumu tena. Shida inaanza kisha, wakati wa montaji.

Ekrani inaganda. Picha inaruka, sauti inatangulia. Mwenye harusi anapiga simu kila siku kuuliza filme yake iko wapi. Mupiga filme anaacha mashini ifanye kazi usiku kucha, umeme unakatika saa mbili mbele ya kazi kuisha, na asubuhi anaanza upya. Wengi wanasema ni virusi, ao kompyuta imezeeka. Mara nyingi si virusi. Ni hesabu.

Hesabu yenyewe iko hivi

Picha ya kidijitali imefanywa na nukta ndogo ndogo. Picha ya Full HD iko na nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, ni kusema zaidi kidogo ya milioni 2. Ile 4K ya sinema, vile majumba makubwa ya filme ya Marekani yaliiandika katika kanuni yao ya mwaka 2005, iko na nukta 4096 kwa 2160. Hiyo ni karibu milioni 8,8 kwa picha moja tu.

Filme inapitisha picha 24 kila sekunde. Kwa hiyo kompyuta inapaswa kutayarisha nukta zaidi ya milioni 212 kwa sekunde moja. Na kila nukta iko na rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Tukiandika kila rangi kwa biti 16, picha moja inakuwa na uzito wa mega 53. Sekunde moja inakuwa jiga 1,27. Dakika moja, jiga 76. Diski ya tera moja ingejaa kwa dakika 13 hivi.

Njo maana hakuna kamera ya kawaida inayohifadhi picha bila kuzibana. Kila kamera inafunga picha kwanza, sawa mutu anayekunja nguo ili ziingie katika sanduku dogo. Namna ya kukunja hiyo inaitwa kodeki. Lakini ukitaka kuvaa nguo, unapaswa kuikunjua. Kompyuta nayo, kila mara unapobonyeza kitufe cha kucheza, inakunjua picha 24 kwa sekunde. Ikichelewa, picha inaganda.

Fundi mumoja, ao vibarua elfu

Ndani ya kompyuta, kazi nyingi inapitia kwa prosesa. Prosesa ni sawa fundi mwenye akili sana: anajua kufanya kila kitu, kuandika barua, kufungua intaneti, kupiga hesabu ya duka. Lakini mafundi wa namna hiyo ni wachache ndani ya mashini moja, wane, wanane, wakati mwingine 16.

Kukunjua picha haiombi akili nyingi. Inaomba mikono mingi. Ni hesabu ileile, kwa nukta moja, kisha nyingine, mara mamilioni. Kwa kazi ya namna hiyo, vibarua elfu wanaobeba mawe kwa pamoja wanamaliza mbele ya profesa wanane. Kutoa kazi hiyo kwa prosesa na kuipa kifaa kilichoundwa kwa ajili yake, njo wataalamu wanaita kuharakisha kwa kifaa.

Mufano wa RED

Historia ya kamera za RED inaonyesha jambo hili wazi. Kampuni hiyo ya Marekani ilianzishwa na Jim Jannard, ambaye mbele alikuwa amejulikana kwa miwani ya Oakley. Mwaka 2007 ilitoa kamera ya RED One, yenye kupiga 4K, kwa bei ya dola 17.500 bila lensi. Kwa mutu wa kawaida ni feza nyingi, lakini kwa watu wa sinema ilikuwa bei ya chini. Filme District 9, iliyopigwa Soweto, Afrika Kusini, na kutoka mwaka 2009, ilitumia kamera hiyo. Kisha iliteuliwa kwa Oscar nne, na moja kati yake ilikuwa ya montaji.

RED iliunda kodeki yake, REDCODE. Mwanzoni ilikuwa inaandika mega 28 kwa sekunde, ni kusema jiga 100 hivi kwa saa moja. Diski ilipona. Lakini kompyuta haikupona.

Sababu ni mbili. Ya kwanza, namna yenyewe ya kukunja ilikuwa ya hesabu nzito. Ya pili, picha ilibaki mbichi. Jicho la kamera linapopokea mwangaza, kila kijichumba chake kinaona rangi moja tu: kimoja nyekundu, kingine bluu, viwili kijani. Rangi mbili zinazokosekana zinapaswa kukisiwa kwa kutazama vijichumba vya jirani. Kamera nyingi zinafanya kazi hiyo ndani yake zenyewe. RED iliiachia kompyuta, ili mwenye filme abaki na uhuru wa kupanga rangi na mwangaza kisha. Uhuru huo ulilipwa kwa wakati: kompyuta kubwa za miaka ile hazikuweza kucheza 4K nzima bila kukwama.

Mwaka 2009 RED ilileta jibu lake: RED Rocket. Ni kadi moja ya kuchomeka ndani ya kompyuta, bei dola 4.750. Haikujua kufanya kitu kingine chochote. Kazi yake moja tu: kukunjua picha za RED na kuzipa rangi, kwa mwendo wa kawaida wa filme. Mwaka 2013 ilifuata RED Rocket-X, ya dola 6.750, kwa kamera mupya ya 6K.

Lakini kadi ya kazi moja inazeeka haraka. Mwisho wa mwaka 2018, RED na kampuni ya NVIDIA zilitangaza kwamba kazi yote hiyo itafanywa na kadi ya grafiki ya kawaida, zile wanazonunua vijana wa michezo ya video. Na si 4K tena, ni 8K, yenye nukta mara nne zaidi. Mutu aliyekuwa amelipa dola 6.750 miaka mitano mbele akaona kifaa chake hakiombwi tena. Apple ilipitia njia hiyohiyo: mwaka 2019 iliuza kadi ya Afterburner kwa dola 2.000, na mwaka 2021 ikaweka kazi ya namna ile ndani ya chipu zake M1 Pro na M1 Max, hata ku kompyuta ya kubeba.

Aina tatu za musaada

Leo kuna aina tatu za vifaa vya kuharakisha, na wengi wanazichanganya.

Ya kwanza ni kadi ya kazi moja, sawa RED Rocket. Imebaki kwa studio chache.

Ya pili ni kadi ya grafiki, yenye vibarua wengi. Inasaidia sana kupanga rangi, kuweka maandishi na kupunguza chembechembe za picha iliyopigwa gizani. Programu ya DaVinci Resolve, ambayo iko na toleo la bure, inaitegemea sana.

Ya tatu ni sehemu ndogo ndani ya chipu, iliyoundwa kwa kukunja na kukunjua kodeki fulani tu. Intel iliiweka ndani ya prosesa zake mwaka 2011 kwa jina la Quick Sync. NVIDIA ilifuata mwaka 2012 kwa ile ya kukunja, inayoitwa NVENC. Hii ya tatu njo inagusa zaidi wapiga filme wa kwetu, sababu simu na kamera ndogo nyingi zinatumia kodeki za H.264 na H.265.

Kodeki hizo ziko na ujanja: hazihifadhi kila picha nzima. Zinahifadhi moja nzima, kisha zinaandika tu kile kilichobadilika. Faili inakuwa ndogo, lakini ukiruka katikati ya filme, kompyuta inapaswa kurudi nyuma, kutafuta picha nzima, na kujenga zote zilizofuata. Kwa hiyo faili ndogo ya simu inaweza kusumbua mashini kuliko faili kubwa ya kamera ya sinema. Wengi wanashangaa hapo.

Mitego ya kununua

Mutego wa kwanza: kununua kadi isiyojua kodeki ya kamera yako. Kamera nyingi za sasa zinaandika H.265 ya biti 10 katika aina ya 4:2:2. Kadi za NVIDIA hazikuweza kukunjua aina hiyo mpaka zile za RTX 50, zilizotoka mwaka 2025. Lakini prosesa nyingi za Intel, tangu kizazi cha 11, zinaiweza zikiwa na sehemu yake ya grafiki. Mutu anaweza kutoa dola mia tano na kuona hakuna kilichobadilika.

Mutego wa pili: umeme. Kadi ya RTX 3060 peke yake inaweza kula wati 170. Ongeza prosesa, ekrani na taa, gurupu dogo la wati 650 linaanza kulia. Umeme ukishuka, mashini inazimika, na diski inaweza kuharibika pamoja na filme ya mutu. Betri ya kusaidia, hata ya dakika kumi, inatoa nafasi ya kufunga kazi vizuri.

Mutego wa tatu: kadi za uongo. Kuna kadi za zamani zenye kupewa jina jipya. Programu ya bure GPU-Z inasaidia kuona chipu ya kweli. Omba muuzaji awashe mashini mbele yako, kabla ya kutoa feza.

Mutego wa ine: diski. Kama picha ziko kwenye diski ya polepole iliyochomekwa kwa USB 2.0, ambayo haivuki mega 60 kwa sekunde hata kwa hesabu ya karatasini, kadi ya bei kali itakaa ikingojea.

Inauma zaidi kwa mukaaji wa Kivu ao Maniema kulipa bei hiyo, akijua kwamba bati inayounganisha vipande vya kadi inatoka katika kasiterite, na tantale ya vifaa vingi vya umeme inatoka katika koltani. Mawe hayo yanachimbwa hapa. Kadi inarudi na bei ya ng'ambo pamoja na ushuru.

Bila kununua kitu

Kuna njia isiyoomba feza: nakala nyepesi, wengine wanaita proksi. Unaamuru programu itengeneze nakala ndogo ya kila kipande, kwa mufano 1280 kwa 720. Kazi hiyo inafanyika mara moja, wakati umeme upo. Kisha unakata na kupanga filme ukitumia nakala hizo, hata ku kompyuta ndogo. Mwishoni programu inarudi yenyewe kwa picha za kweli na kutoa filme katika 4K.

Masharti ni matatu. Usibadilishe majina ya faili za kweli. Usizihamishe kutoka mahali pake. Na usizifute mpaka mwenye filme amepokea kazi yake na kukubali. Nakala nyepesi si akiba: kama za kweli zimepotea, umebaki na filme ya ubora wa chini.

Kutoa filme ya mwisho bado itachukua masaa. Kwa hiyo ni vizuri kuikata katika vipande vya dakika kumi kumi. Umeme ukikatika, unapoteza kipande kimoja, si usiku muzima.

Na swali moja la kujiuliza mbele ya kupokea avansi: mwenye harusi atatazama filme yake wapi? Kama ni ku simu ao televisheni ya Full HD, kupiga na kutoa katika Full HD si aibu. Nukta zinapungua mara nne, na mashini inayoganda leo inaweza kumaliza kazi hiyo kwa siku iliyoahidiwa.