NYUMBA YA KIJIJINI ILIYOFIKA PARIS

Je, umewahi kuona nyumba ya kijijini iliyopambwa kwa michoro ukuta mzima? Huko Afrika Kusini, wanawake wa kabila la Wandebele hupamba nyumba zao hivyo. Mmoja wao, Bibi Esther Mahlangu, amejulikana duniani kwa kazi hiyo.

Alivyojifunza

Bibi Esther alizaliwa mwaka 1935. Alipokuwa na umri wa miaka 10, mama yake na bibi yake walianza kumfundisha. Mchana, wazee hao walipokwenda kupumzika, yeye aliendelea kuchora peke yake. Mistari yake ilipinda. Waliporudi walimkemea. Wakamwambia akajifunzie nyuma ya nyumba. Hakukata tamaa. Alichora na kuchora tena mpaka mkono ukazoea. Ndipo walipomruhusu kuchora upande wa mbele, mahali wageni wanapoona.

Michoro yenyewe

Michoro ya Wandebele ni ya maumbo: pembetatu, miraba na mistari iliyonyooka. Maumbo hayo huzungushiwa mistari myeusi. Bibi Esther hakutumia rula. Alipima kwa jicho, na brashi yake ilikuwa unyoya wa kuku. Zamani rangi zilitokana na udongo, chokaa, mkaa na kinyesi cha ng'ombe. Baadaye akina mama walianza kutumia rangi za dukani.

Maumbo mengine yametokana na vitu vya kila siku. Kwa mfano, liko umbo la wembe. Kwa desturi, mama hupaka nyumba upya mwanawe anapokwenda jandoni. Majirani wakiona rangi mpya, wanajua kuna jambo.

Alama ya watu

Mwaka 1883 Makaburu waliwashinda Wandebele vitani. Waliwanyang'anya ardhi, wakawagawa katika mashamba yao ili wafanye kazi. Watu walitawanyika. Lakini katika miaka iliyofuata, wanawake walipamba kuta zao. Mpita njia alijua: hapa wanaishi Wandebele.

Kutoka kijijini hadi Ulaya

Mwaka 1989 Bibi Esther alialikwa Paris, Ufaransa, kwenye maonyesho makubwa. Huko alipaka nyumba iliyojengwa kwa mfano wa nyumba yake. Mwaka 1991 alipamba gari la kampuni ya BMW ya Ujerumani. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Johannesburg kilimpa shahada ya heshima ya udaktari.

Hata hivyo, hakuuficha ujuzi wake. Alifungua darasa nyumbani kwake. Watoto walijifunza kuchanganya rangi, kushika unyoya na kunyoosha mstari. Mzee akifa bila kufundisha, ujuzi huzikwa pamoja naye.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Esther aliambiwa akachore nyuma ya nyumba?
2. Michoro iliwasaidiaje Wandebele baada ya kutawanyika?
3. Ni ujuzi gani wa wazee wa kijiji chako ambao vijana hawaujui? Nani anaweza kuufundisha?