Mguu wa Meza Haukatwi kwa Digrii

"Fundi, mguu wa meza unaochongoka chini unakatwa digrii ngapi?" Wananiuliza vijana wa karakana, wananiuliza walionunua msumeno wa meza wakauweka uani, wananiuliza hata waliokwisha kuharibu mninga wa bei. Nitajibu hapa mara moja kwa wote: achana na digrii. Mguu una alama mbili, pale uchongokaji unapoanzia na pale unapoishia. Unganisha hizo mbili kwa mstari, ukate juu ya mstari.

Chukua meza ya kawaida ya chakula. Mguu una urefu wa milimita 720 na unene wa 60 kwa 60. Milimita 120 za juu zinabaki mraba kwa sababu hapo ndipo fremu inapoingia. Kuanzia hapo unene unapungua mpaka 30 kwenye unyayo, yaani unaondoa milimita 30 katika urefu wa 600. Pembe yake ni digrii 2.86. Nionyeshe kipimapembe cha karakana kinachosoma hivyo! Ukikosea nusu digrii tu, unyayo umekosea milimita 5: mguu mmoja una 30, mwenzake 35, na mgeni yeyote anayeingia sebuleni ataliona hilo kabla hajakaribishwa kiti. Halafu meza ikibadilika kuwa stuli, digrii nazo zinabadilika, hata kama unyayo ni uleule wa milimita 30. Kwa hiyo anayekutajia digrii bila kukuuliza urefu wa mguu hajui anachokisema.

Imani hii ya digrii ndiyo inayokiweka hai kile kifaa cha bawaba. Ni mbao mbili ndefu zilizoungwa kwa bawaba upande mmoja, na upande wa pili kuna bati lenye mpasuo na nati ya kukazia. Unazitanua kwa "digrii" zako, unaegemeza mguu, unasukuma. Kinauzwa, kinaigwa, kinasifiwa, nami sikitaki katika karakana yoyote ninayoisimamia. Mguu haujafungwa popote. Umeshikwa na kiganja chako tu, na kiganja hicho kinaelekea kwenye diski. Mbao ikipinda kidogo tu njiani, meno ya nyuma ya diski, yale yanayopanda kutoka chini ya meza, yanaidaka na kukurushia. Diski ya milimita 250 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, meno yake yanakwenda mita 52 kwa sekunde, sawa na kilomita 188 kwa saa. Hakuna mkono wa binadamu unaowahi kasi hiyo. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba fundi mzoefu hahitaji vibano kwa kuwa mkono wake umezoea, nakataa kabisa. Hata wazoefu hupoteza vidole kwenye msumeno wa meza.

Kalibu salama unaitengeneza kwa mabaki. Tafuta plaiwudi ya milimita 12, urefu 900, upana kama 250. Usitumie ya 18: mguu wenyewe ni 60, na diski ya 250 kwa kawaida hainyanyuki zaidi ya 80 hivi. Iegemeze kwenye ukingo wa mashine, ipitishe ili diski ipunguze upande mmoja, kisha usiusogeze ukingo huo tena. Upande uliokatwa sasa ndiyo njia ya diski. Laza mguu wa meza juu ya plaiwudi, alama zote mbili ziwe sawasawa na upande huo, sehemu ya kuondolewa ikining'inia nje. Nyuma ya mguu funga ubao ulionyooka kwa skrubu, mbali na diski; upande unaokuelekea weka kizuizi; juu weka vibano viwili. Sukuma. Miguu mingine yote inakaa palepale bila kupimwa upya.

Toboa matundu ya viungo kabla ya kuchongoa, mbao ikiwa bado mraba. Chongoa nyuso mbili za ndani tu, zinazotazama fremu, ili za nje zibaki wima. Kwa uso wa pili, geuza mguu, uso ule uliokatwa utazame juu. Hapo nyuso mbili nzima ndizo zinazolala kwenye plaiwudi na kwenye ubao wa nyuma. Ukitaka kuchongoa pande zote nne, tunza vipande vilivyokatika uvitumie kama kabari. Acha nusu milimita ya kumalizia kwa randa.

Na kama unatengeneza meza moja tu, huhitaji kalibu wala mashine. Chora mistari, kata pembeni yake kwa msumeno wa mkono, malizia kwa randa iliyonolewa vizuri. Kwa meza moja, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza.