Injinia Aliyejifunza kwa Wajenzi wa Kale

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: injinia, msingi, mfereji. Nanyi fungueni karatasi zenu, tusome pamoja polepole.

Leo tutajifunza habari za Arthur Cotton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1803. Alifika Madras, kusini ya Bara Hindi, mwaka 1821, akawa injinia wa jeshi la Kampuni ya Waingereza iliyotawala huko. Labda wadhani kazi ya injinia wa jeshi ni kujenga ngome tu. Cotton alipewa kazi ya maji.

Mto Kaveri hugawanyika mikono miwili. Siku hizo maji mengi yalikuwa yakishika mkono uitwao Kollidam, na mashamba ya mpunga ya Thanjavur yakapungukiwa. Ilitakiwa kujenga ukuta mtoni. Lakini chini hapakuwa na mwamba, ila mchanga mtupu. Wewe uliyepata kujenga nyumba wajua taabu yake: msingi usiposhika, ukuta hauna maisha.

Jibu lilikuwa karibu. Katika mto uo huo ulisimama ukuta wa kale, Kallanai, uliojengwa na wafalme Wachola zaidi ya miaka 1,000 kabla yake. Wajenzi wake hawakutafuta mwamba. Walitupa mawe makubwa majini. Maji yalichimbua mchanga chini ya mawe, mawe yakazama. Wakaongeza mengine juu yake, mpaka yakatulia. Ndipo wakajenga. Cotton alitazama, akafahamu, na baadaye aliandika wazi kuwa elimu hiyo ilitoka kwa wajenzi hao. Ukuta wake wa Kollidam ulikamilika mwaka 1836.

Kazi yake kubwa kupita zote ilikuwa katika mto Godavari. Mwaka 1833 njaa iliua watu wengi sana katika nchi ya Guntur, upande wa kusini. Huku nyuma, maji ya Godavari yalikuwa yakienda baharini bure. Cotton aliiomba serikali fedha, na ukuta ukajengwa Dowleswaram tangu mwaka 1847 hadi 1852. Maelfu ya wenyeji walivunja mawe na kuyabeba.

Ukuta huo haukuzuia mto. Weka jiwe katika mfereji wa shamba lako, utaona: maji hayakomi, bali hupanda, yakaingia pembeni. Ndivyo ilivyokuwa. Maji yalipanda yakaingia katika mifereji, na mafuriko yakapita juu ya ukuta. Mkulima akapata mpunga. Serikali ya kigeni nayo ikapata kodi zaidi.

Cotton alitaka mifereji ichimbwe kote, akisema yafaa kuliko reli, kwa kuwa hunywesha mashamba na kupitisha mashua. Wakubwa wengi hawakukubali. Njaa ya mwaka 1876 hadi 1878 iliua mamilioni ya watu.

Cotton alikufa mwaka 1899. Ukuta wa Dowleswaram ulipochakaa, lilijengwa boma jipya lenye milango ya chuma, nalo laitwa kwa jina lake.

Sasa jibuni maswali haya:
1. Kwa nini ilikuwa vigumu kujenga katika mto Kaveri?
2. Mawe ya Kallanai yalitulia namna gani?
3. Kwenu, ni kazi gani ya wazee ambayo fundi wa leo angefaa kwenda kuitazama?

Kwaherini.