Kutu Itoke, Chuma Kibaki

Ndani ya injini ya Land Rover Series III iliyoegeshwa miaka mingi, kutu haienei sawasawa. Injini ikizimwa, baadhi ya vali hubaki wazi, na silinda zenye vali hizo huingiza unyevu kupitia bomba la moshi. Kwa hiyo ukifungua hedi waweza kukuta silinda moja ingali inang'aa, na jirani yake ina pete nyekundu pale pistoni ilipokomea. Fundi mwenye haraka hukimbilia msasa, na hasara huanzia hapo.

Msasa hauchagui: hula kutu na chuma pamoja. Silinda za injini hiyo ya petroli ya lita 2.25 zina kipenyo cha milimita 90.47, na mwanya kati ya pistoni na ukuta ni wa sehemu za mia za milimita. Ukisugua kwa nguvu upande mmoja, silinda haiwi duara tena. Ringi hazishiki vizuri, mgandamizo unapungua na oili inaungua. Mwenye gari huishia kulipia kupanuliwa kwa silinda na pistoni kubwa zaidi, gharama ambayo pengine kutu yenyewe isingemletea.

Njia ya kuaminika zaidi kwa bloku ya chuma cha kusubu ni umeme. Bloku hufunguliwa kila kitu, hasa vipande vya alumini na beringi, kisha hutumbukizwa katika maji yaliyotiwa magadi yaliyosafishwa, kama yale yanayozalishwa Ziwa Magadi, Kenya. Waya hasi wa chaja ya volti 12 hufungwa kwenye bloku, na waya chanya kwenye nondo ya kawaida iliyoning'inizwa katikati ya silinda bila kugusa ukuta. Mapovu huanza kupanda, kutu ikalegea na kubaki utando mweusi unaotoka kwa brashi. Ukibadilisha waya, bloku ndiyo italiwa. Usitumie chuma cha pua, kwani maji yanaweza kuingiwa na kromiamu yenye sumu. Na kazi ifanyike nje, mbali na moto, maana mapovu yale yana haidrojeni inayolipuka.

Wapo wanaosema tindikali ni ya haraka zaidi. Ni kweli, lakini ikimaliza kutu huendelea na chuma, na boliti na springi ngumu zaweza kuwa rahisi kukatika. Wengine husema injini ikiwaka itajisafisha yenyewe. Hilo ni hatari zaidi: unga wa kutu hutumika hata kung'arishia metali, na ukichanganyika na oili utasaga beringi zote.

Umeme nao una kikomo. Bloku ikitolewa ioshwe, ikaushwe na kupakwa oili papo hapo, la sivyo wekundu hurudi haraka. Kisha pitisha ukucha ukutani: ukinasa kwenye shimo, chuma cha hapo kimekwisha kuliwa, na silinda hiyo ipelekwe kwa mchonga vyuma ikapimwe.