Kihispania kwa Herufi za Bibi

Bibi yangu wa Lamu hakuwahi kuandika kwa herufi za Kirumi. Barua zake zote za Kiswahili alizitia herufi za Kiarabu, na mimi ndiye mjukuu niliyeketi naye barazani nikafunzwa kuzisoma. Bibi hakuwa na p. Aliandika b, na msomaji ajue mwenyewe kama paka ni paka au ni baka. Sikudhani elimu ile ingenifaa Granada, kusini mwa Uhispania, nilipokwenda kusomea historia ya ugomvi wa dini na mila huko Ulaya.

Granada ndiyo iliyokuwa dola ya mwisho ya Waislamu Uhispania. Iliposalimu amri Januari 1492, wenyeji waliahidiwa kwa mkataba kwamba wataachiwa dini yao, misikiti yao na makadhi wao. Haikutimia miaka kumi, vitabu vya Kiarabu vikachomwa uwanjani na watu wakaanza kubatizwa kwa nguvu. Waliobatizwa wakaitwa Wamorisko. Ungedhani ubatizo ungemaliza maneno, kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Inkwizisio ilikuwa mahakama ya kusaka waliokengeuka imani ya Kanisa, na majalada yake yamejaa mambo ya nyumbani: nani kaoga, nani kavaa nguo safi Ijumaa, nani kaikataa nyama ya nguruwe, nani kapaka hina. Mara nyingi aliyekwenda kusema ni jirani. Majalada hayo husomwa kwa hadhari, maana kalamu ilikuwa mkononi mwa mshtaki, na wengine waliungama baada ya kuteswa. Lakini kwangu hakuna karatasi zinazouonyesha ugomvi huu vizuri zaidi, kwa kuwa vita hasa ilikuwa jikoni na bafuni.

Mwaka 1567 Mfalme Felipe II akaamuru Wamorisko wa Granada waache Kiarabu, wakapewa miaka mitatu wajifunze Kikastilia, yaani Kihispania. Hamamu zifungwe, wanawake wasifunike nyuso, na siku ya Ijumaa milango ya nyumba iachwe wazi. Mzee mmoja wa ukoo mkubwa, Francisco Núñez Muley, Mmorisko aliyekuwa Mkristo, akaandika kujibu. Hoja yake bado hunisisimua: mavazi ni ya nchi, si ya dini, na watu wa Malta ni Wakristo, na lugha yao ni Kiarabu. Hakusikilizwa. Krismasi ya 1568 uasi ukalipuka katika milima ya Alpujarras, na haukuzimwa mpaka 1571. Kuanzia 1609 hadi 1614 Felipe III akawafukuza Wamorisko wa nchi nzima, watu wapatao 300,000. Wengi walishukia Afrika ya Kaskazini, na miongoni mwao walikuwamo wasiojua tena Kiarabu.

Lugha ilikuwa imewatoka, herufi hawakuziacha. Waliandika Kihispania kwa herufi za Kiarabu, maandishi yanayoitwa aljamiado, jina lililotoka katika neno la Kiarabu la lugha ya asiye Mwarabu. Shina lake ndilo lililotupa Uajemi. Mwaka 1884, nyumba kuukuu ilipobomolewa katika kijiji cha Almonacid de la Sierra, huko Aragón, vitabu vingi vya namna hiyo vilikutwa vimefichwa chini ya sakafu ya uongo. Baadhi viliharibiwa kabla hajatokea wa kuviokoa.

Siku moja mwalimu alituonyesha ukurasa wa aljamiado. Nikaanza kuusoma kwa sauti. Nilikwama kwenye b yenye shada, nikaambiwa hiyo ndiyo p yao, nikaendelea. Mwenzangu mmoja, Mhispania asiyejua hata alifu, akanishika mkono: "Rudia hapo." Nikarudia. Karibu kila neno alilifahamu, na mimi sikufahamu hata moja. Tukenda hivyo mpaka ukurasa ukaisha, mimi natoa sauti, yeye anatoa maana.